Mkondo Unapokauka Kimya Kimya

Grafu ya kiungo kikuu imekatika tangu saa nane usiku. Haikushuka hadi sifuri. Sifuri ingekuwa habari. Mstari ulifika mahali ukakoma, na mbele yake pamebaki weupe mtupu. Kengele haikulia, maana kanuni yake iliandikwa ilie pale msongamano unapozidi asilimia 80, na pasipo namba hakuna kinachozidi chochote. Ukiingia kwenye ruta unaambiwa usajili upo na hali yake ni `Active`. Ukienda kwenye seva ya kupokea data, programu inaendelea na kazi, haijaanguka. Kila upande unasema mimi sina neno.

Anayehamia kwenye telemetria ya mkondo akitokea SNMP hukutana na hitilafu hii mapema sana, na humchanganya kwa sababu mazoea yake yote yalijengwa juu ya utaratibu mwingine. SNMP, iliyoanza mwaka 1988, ni utaratibu wa kuuliza. Seva huizungukia ruta na kuuliza: kaunta yako imefika ngapi? Programu ya MRTG, aliyoitoa Tobias Oetiker mwaka 1995, ndiyo iliyowazoesha mafundi wa mtandao mzunguko wa dakika 5, na mpaka leo wako wanaouona kana kwamba ni sheria ya maumbile. Uzuri wake ni kwamba jibu likikosekana, aliyeuliza anajua hapo hapo. Telemetria imegeuza mambo: kifaa kinapeleka chenyewe, bila kuulizwa. Mzazi anayempigia mwanawe kila jioni hushtuka siku ileile simu isipopokelewa. Aliyezoea kupigiwa hupitiwa na siku tatu nzima ndipo ajiulize kulikoni.

Kwa nini basi watu wakahama? Piga hesabu. Kiungo cha gigabiti 10 kikijaa pomoni kwa sekunde 20, kisha kikapitisha gigabiti 2 tu kwa sekunde 280 zilizobaki, wastani wa dakika 5 utakuwa gigabiti 2.5 na kidogo. Grafu itakuonyesha kiungo kilichopumzika, ilhali wateja wameshapiga simu kulalamika. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, data ya Afrika Mashariki ililazimika kutafuta njia nyingine, na hamisho la namna hiyo linaweza kukifurisha kiungo cha akiba kabla seva ya SNMP haijamaliza hata mzunguko mmoja. Ndiyo maana waendeshaji wa mitandao mikubwa, Google wakiwemo, walijikusanya chini ya OpenConfig kuandika miundo ya data ya pamoja na itifaki iitwayo gNMI. Hiyo hupita juu ya gRPC, ambayo Google waliifungulia umma mwaka 2015. Kifaa kinaweza kupeleka kaunta zake kila sekunde 10, au chini ya hapo, bila kuchoka.

Bila kuchoka, ilimradi kimesanidiwa sawasawa.

Kabla ya kugusa chochote, jua nani anatakiwa kufungua muunganisho. Kuna namna mbili. Katika ya kwanza, ruta ndiyo inayokitafuta kipokezi, yaani programu ya kwenye seva inayopokea data, kama Telegraf. Katika ya pili, kipokezi ndicho kinachoiendea ruta, kinaomba usajili, kisha data inatiririka kurudi kwenye muunganisho uleule. Hivyo ndivyo gNMI inavyofanya kwa kawaida. Tofauti hii inaamua faiawoli ifunguliwe upande gani, logi zisomwe wapi, na nani atalalamika mambo yakiharibika. Nimeshawaona watu wakihangaika na logi za ruta ambayo haikuwa na lolote la kusema, kwa kuwa haikuwahi kufikiwa na ombi lenyewe.

Tuchukue mfano mmoja wa namna ya kwanza, ruta ya Cisco inayotumia IOS XR. Usanidi wake ni mfupi:

```
telemetry model-driven
 destination-group KIPOKEZI
  vrf MGMT
  address-family ipv4 192.0.2.10 port 57500
   encoding self-describing-gpb
   protocol grpc no-tls
 sensor-group KAUNTA
  sensor-path Cisco-IOS-XR-infra-statsd-oper:infra-statistics/interfaces/interface/latest/generic-counters
 subscription S1
  sensor-group-id KAUNTA sample-interval 30000
  destination-id KIPOKEZI
```

Mafungu matatu: wapi pa kupeleka, nini cha kupeleka, na usajili unaoyafunga mawili hayo pamoja. Kila mstari hapo unaweza kukunyima usingizi kwa namna yake. Amri ya `show telemetry model-driven subscription S1` hukupa hali ya usajili, hali ya mahali data inapokwenda, na hali ya kila njia ya data. Wengi husoma ya kwanza tu. Soma zote tatu, na zaidi ya hapo tazama ile ya njia: imeandikwa `Resolved` au `Not Resolved`? Kisha ongeza neno `internal` mwishoni mwa amri hiyo. Sasa unapata kilichotendeka kweli: data imekusanywa mara ngapi, kila ukusanyaji umechukua milisekunde ngapi, makosa ya kupeleka ni mangapi, mara ya mwisho ni lini. Endesha amri, subiri dakika moja, endesha tena. Idadi ya ukusanyaji ikiwa haijasogea, neno `Active` halina maana yoyote kwako.

Kwenye IOS XE, ndugu wa IOS XR ambaye hawafanani kama wengi wanavyodhani, mtego huu ni mkali zaidi. Huko usajili huandikwa `Valid`, na maana yake ni kwamba sentensi za usanidi zimekubalika. Njia ya data inaweza kuwa ya kitu kisichokuwepo kwenye kifaa hicho na bado ukasoma `Valid`. Muulize mpokeaji wake: `Connected` au `Connecting`? Ikibaki `Connecting` saa nzima, tatizo liko njiani. Halafu kuna jambo la kwanza kabisa ambalo huonekana dogo mno kiasi cha kusahauliwa: mstari wa `netconf-yang` lazima uwepo, la sivyo michakato inayokusanya data haiwashwi.

Tukirudi kwenye njia zenyewe, hizo hutoka kwenye miundo ya YANG, lugha iliyowekwa rasmi mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2016. Kila kampuni ina miundo yake ya asili, na juu yake iko ya OpenConfig. Kaunta ileile ya baiti zinazoingia inaweza kufikiwa kwa njia mbili zenye majina tofauti, na kifaa chako kinaweza kuwa kinaielewa moja tu, au kinazielewa zote katika toleo hili na kuiacha moja katika toleo lijalo. Kistariungio kimoja kikikosekana, njia haipo. Usikisie. Itifaki ya gNMI ina ombi la `Capabilities`: kifaa kinataja miundo yote kinayoijua, matoleo yake, na namna za kufungasha data kinazoziweza. Kwa programu ya gnmic ni amri moja. Baada yake, jaribu njia yako kwa usajili wa mara moja:

```
gnmic -a 192.0.2.1:57400 --skip-verify subscribe --path /interfaces/interface/state/counters --mode once
```

Ukipata namba, njia ni sahihi, na kinachobaki ni masuala ya muda na usafirishaji. Usipopata kitu, hamna haja ya kumtazama mtu wa faiawoli kwa jicho baya. Muunganisho umefika, ila umeuliza kisichokuwepo. Angalia pia hilo neno `--skip-verify`. Lina jirani yake, `--insecure`, na watu huyachukulia kuwa ni mamoja. La kwanza linatumia usimbaji fiche wa TLS bila kukagua cheti. La pili linaacha TLS kabisa. Ukikiendea kwa `--insecure` kifaa kinachodai TLS, utafungiwa mlango na ujumbe wa kosa ambao hautaji sababu.

Usijaze njia pana kwa uvivu, vilevile. Kuandika `/interfaces` peke yake ni rahisi, na kifaa kitakutii: kitaleta kaunta, majina, maelezo, usanidi, kila kitu, kila mara. Anayesajili jedwali zima la njia za BGP kwenye ruta inayobeba intaneti kamili, yenye njia karibu milioni moja za IPv4, asishangae kichakataji kikipanda. Hapo ruta huanza kuchelewa: ukusanyaji mmoja haujaisha, wakati wa mwingine umefika. Zile milisekunde zinazoonyeshwa na `internal` zina kazi yake. Ukusanyaji ukichukua sekunde 12 na wewe umeomba kila sekunde 10, umeomba jambo lisilowezekana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye vipimo vya muda, na napenda tukae kidogo, kwa sababu sijui hitilafu nyingine inayojificha vizuri namna hii. Katika mfano wetu wa IOS XR tuliandika `sample-interval 30000`. Ni milisekunde, kwa hiyo sekunde 30. Sasa fundi ananakili namba hiyo na kuipeleka kwenye swichi ya IOS XE, mstari wa `update-policy periodic 30000`. Huko kipimo ni sehemu ya mia ya sekunde. Elfu thelathini za sehemu ya mia ni sekunde 300, yaani dakika 5 kamili! Amenunua teknolojia mpya, ameiwasha, na amerudi palepale MRTG ilipokuwa mwaka 1995, tena bila kosa lolote kwenye skrini. Grafu inachorwa. Nukta zake ni chache tu, na kama dashibodi inaunganisha nukta kwa mstari, macho hayataona tofauti mpaka siku ya msongamano.

Kwenye gNMI kipimo ni nanosekunde. Sekunde 10 ni 10,000,000,000, sifuri kumi zilizopangana, na ukidondosha tatu umeomba milisekunde 10. Kifaa chenye adabu kitakataa kwa kusema hoja yako si halali. Programu nyingi hukuepusha na hilo kwa kukubali maandishi kama `10s`, lakini anayejiandikia programu yake mwenyewe hana wa kumkinga. Junos, kwa vihisi vyake vya asili, huhesabu kwa sekunde. Na kwenye IOS XR sifuri haimaanishi "haraka iwezekanavyo": inabadili aina ya usajili, data ipelekwe pale tu kitu kinapobadilika. Kwenye gNMI sifuri hiyohiyo humaanisha muda mfupi kuliko yote kifaa kinaouweza. Waliobuni haya hawakukaa meza moja, na gharama tunailipa sisi.

Njia ni sahihi, muda ni sahihi, na bado kipokezi hakipati kitu. Sasa ni wakati wa kukamata pakiti kwenye seva ya kipokezi kwa `tcpdump`, poti ya 57500. Kama hakuna pakiti hata moja, ruta haitoki, inatoka kwa mlango usio wake, au faiawoli ya njiani inazitupa pakiti zake. Ruta nyingi zina jedwali la njia la pekee kwa ajili ya usimamizi, na usipotaja `vrf MGMT` kwenye usanidi, itatafuta njia ya kwenda 192.0.2.10 kwenye jedwali la wateja, ambako haipo. Ukiona ombi la kwanza la TCP likijirudia bila jibu, mtafute wa faiawoli.

Ukiona muunganisho unafunguka na kufungwa papo hapo, tena na tena, fungua pakiti ya kwanza yenye data na uitazame baiti kwa baiti. Ikiwa unasoma kwa macho maneno `PRI * HTTP/2.0`, anayepiga anaongea waziwazi, bila TLS. Ikiwa inaanza na baiti 16 03 za heksadesimali, anaongea TLS. Linganisha na kile ambacho upande wa pili umesanidiwa kukitarajia, na katika visa vingi umemaliza. IOS XR hutumia TLS usipoiambia vinginevyo. Lile neno `no-tls` kwenye mfano wetu lipo kwa sababu hiyo, na linafaa maabara tu. Kwenye mtandao wa kazi liondoe.

Ukishaliondoa, umekaribisha vyeti. Tangu toleo 1.15 la lugha ya Go, lililotoka mwaka 2020, programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo, na gnmic ni mojawapo, hazisomi tena jina la kifaa kwenye sehemu ya zamani ya cheti, `Common Name`. Zinataka liwe kwenye orodha ya majina mbadala, `SAN`. Cheti kilichofanya kazi miaka mingi hukataliwa siku programu ya kipokezi inapoboreshwa, na mtu wa ruta huapa kwamba hajagusa kitu. Anasema kweli.

Kuna ugonjwa mwingine wa njiani ambao haugunduliki kwa kutazama faiawoli: muunganisho unafunguka, TLS inapita, usajili unakubaliwa, halafu kimya. Pakiti ndogo hupita, kubwa zinapotea. Huwa hivyo hasa pale kituo kilipounganishwa kwa handaki la IPsec au GRE, ambalo hula baiti kadhaa za kila pakiti, na mahali fulani katikati kuna kifaa kinachotupa pakiti kubwa bila kumwarifu aliyeituma. Ping ya kawaida haitakuonyesha. Tuma ping ya baiti 1500 ukikataza isigawanywe, kisha ipunguze mpaka ipite. Tofauti ndiyo jibu lako. Usichanganye na ukomo wa gRPC yenyewe, ambayo kwa kawaida haipokei ujumbe unaozidi megabaiti 4. Huo una ustaarabu: huandika `ResourceExhausted` kwenye logi, pamoja na ukubwa uliokataliwa.

Data imefika, basi. Kipokezi kinaandika kwamba kimepokea. Dashibodi bado ni nyeupe.

Tazama saa. Kila ujumbe hubeba muhuri wa wakati uliopigwa na kifaa chenyewe, na hifadhidata huamini muhuri huo. Saa yetu ya Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya ile ya kimataifa. Fundi asiyetumia NTP akiiwekea ruta saa kwa mkono, akatazama saa ya ukutani Dodoma au Nairobi na kuiandika ilivyo, huku ruta ikidhani hiyo ni saa ya kimataifa, kila namba itakayotumwa itakuwa na muhuri wa saa 3 zijazo. Grafana ikiwa imewekwa ionyeshe saa moja iliyopita, haitaona kitu. Sogeza mwisho wa dirisha mbele kwa saa 4 na data yote itajitokeza, imetulia huko mbele. Kifaa ambacho saa yake imerudi mwaka 1970 baada ya umeme kukatika kina balaa jingine: cheti cha TLS kwake bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo hakitaunganishwa kamwe hadi NTP ifanye kazi.

Halafu tazama aina ya data. Kanuni za kuandika YANG kwa JSON, za mwaka 2016, zinataka namba za biti 64 ziandikwe ndani ya alama za kunukuu, kama maandishi, kwa kuwa programu nyingi zinazosoma JSON hupoteza usahihi namba ikipita 9,007,199,254,740,992. Ni uamuzi wa busara, na unaudhi. Kaunta ya baiti inaingia kwenye hifadhidata ikiwa neno, na neno halichorwi grafu wala halitolewi tofauti. Mbaya zaidi, hifadhidata ya InfluxDB hushikilia aina ya kwanza iliyoandikwa. Ukirekebisha kipokezi baadaye ili kipeleke namba, itakataa kwa kosa la mgongano wa aina, na Telegraf itavitupa vipimo hivyo.  Soma logi zake. Neno `dropped` likionekana, umefika.

Usajili wa kupeleka kunapotokea mabadiliko tu unahitaji neno la peke yake. Ni mzuri kwa hali ya intafesi, imewaka au imezima, ambayo inaweza kukaa miezi bila kubadilika. Lakini miezi hiyo ya ukimya inafanana kabisa na usajili uliokufa. gNMI imeweka dawa, `heartbeat_interval`: kifaa kinarudia kusema hali yake kila baada ya muda hata kama haijabadilika. Si vifaa vyote vinavyoitii, na usajili bila hiyo mimi siuachii kazi ya maana.

Kengele nazo ziandikwe upya. Kwa kila kifaa na kila njia ya data, hesabu umri wa kipimo cha mwisho kilichoingia, na kengele ilie umri huo ukizidi mara tatu ya muda ulioomba. Prometheus ina `absent`, InfluxDB ina ukaguzi wake wa `deadman`. Kazi yao ni hiyo. Kengele hii iendeshwe kwenye seva nyingine, isije ikafa pamoja na kipokezi inachokilinda.

Usiku wa kupandisha toleo la programu ya ruta, njia za data hubadilika bila kuaga. Kabla ya kuanza, endesha gnmic kwa `--mode once` kwenye kila njia unayoitegemea, chuja ubaki na orodha ya majina ya njia bila thamani zake, na uihifadhi kwenye faili. Ruta ikishawaka na toleo jipya, rudia, kisha linganisha mafaili mawili kwa `diff`. Mistari iliyotoweka ielekeze kwenye njia mpya kabla hujamwambia yeyote kwamba kazi imekwisha.